Kamba ya Josiane

Saint-Jean-de-Losne,
Jumapili, 4 Juni 1989

Mwanangu Régis,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na Maryvonne na Élodie wenu. Mimi ni mzima. Goti linalalamika kama kawaida yake, lakini nimelipaka dawa na limenyamaza. Je, kikohozi cha Élodie kimeisha? Mpeni asali, msimpe yale maji mekundu ya duka la dawa.

Tumepanda saa nane mchana. Asante kwa zawadi hii. Ulisema, "Mama, miaka arobaini umepita kwenye miji hii bila kuiona, sasa kaione." Ni kweli. Mimi na baba yako tuliijua nchi hii kwa maghala yake: hapa ngano, pale saruji, kule mchanga. Makanisa tuliyaona minara tu.

Tishari hili lilikuwa la mizigo kama letu. Chumba changu kiko pale palipokuwa pakijazwa ngano. Nimejilaza kidogo nikadhani nasikia harufu yake, kumbe ni sabuni ya mashuka. Tuko abiria wanane. Mezani nimewekwa na mfamasia mstaafu wa Lille na mkewe, Bibi Yolande, ambaye anapiga picha kila bata anayepita.

Kwenye lango la kwanza la maji, pale mfereji unapopandisha matishari ngazi moja, nimejitia aibu. Tishari lilipoingia kati ya kuta, mikono yangu ilijiendea yenyewe ikashika kamba. Nahodha Loïc akapiga kelele, "Bibi Huguette, iache hiyo! Uko likizo!"

"Likizo ndiyo nini?" nikamwuliza.

"Ni kukaa kwenye kiti na kunywa divai."

"Basi hicho kiti niwekee karibu na kamba."

Watu wamecheka sana.

Régis, ratiba imebandikwa ukutani kwenye chumba cha kulia. Jumanne ya wiki ijayo, tarehe 13, tutapita lango la La Fontenotte, pale tulipompoteza mdogo wako. Najua hukujua, wakala wa safari alikuonyesha picha za mizabibu tu. Usijilaumu. Baada ya kumzika Josiane tulipita pale mara nyingi kwa kazi, baba yako akitazama mbele tu, mimi nikiwa chini jikoni.

Kuna jambo ambalo baba yako aliniambia hospitalini mwezi wa Februari, siku mbili kabla hajatuacha. Linahusu asubuhi ile. Nimekaa nalo miezi minne. Mara tatu nimekuja kwenu nikiwa nalo mdomoni, na mara tatu nimeishia kumenya viazi. Niruhusu nikuandikie.

Unijibu kama zamani, kwa walinzi wa malango. Nahodha anasema mlinzi wa Plombières, ukishapita Dijon, bado anapokea barua za watu wa majini, sisi wa matishari.

Mama yako,
Huguette


Auxerre,
Jumanne, 6 Juni

Mama mpendwa,

Barua yako imefika asubuhi hii, nami najibu kabla ya zamu ya mchana ili iwahi Plombières. Sisi hatujambo. Kikohozi cha Élodie kimepungua. Asali ameikubali, maji mekundu ameyatemea blauzi ya mama yake. Wewe usipande ngazi za tishari bila kushika, unajua goti lako.

Nisamehe kwa safari hii. Kama ningejua inapita kule ningekununulia nyingine. Shuka Dijon, nitakuja na gari, turudi nyumbani.

Na hilo jambo la baba, Mama, liache. Unanijua. Nina miaka arobaini na kila asubuhi namfunga Élodie viatu mara mbili, mpaka ananiambia, "Baba, mguu unaumia." Kila asubuhi ilikuwa kazi yangu kumvalisha Josiane ule mkanda wa turubai na kufunga kamba yake kwenye pete, karibu na usukani, asikaribie maji. Siku ile nilikuwa na haraka ya kwenda kuchukua maziwa nyumbani kwa mlinzi. Lakini nilifunga. Najua nilifunga. Na nikarudi nikaikuta kamba sakafuni, haina mtu. Mambo hayo mawili nimelala nayo tangu nina miaka tisa.

Aliyenifikisha hapa ni baba. Jioni ile alinipakata, mkubwa vile, akaniambia, "Hata fundo zuri hulegea, mwanangu. Si kosa lako." Hakunilaumu hata siku moja. Mtu mwingine angenipiga. Zipo siku siwezi kuamka kitandani, basi huyasema maneno yale, nikaamka. Tafadhali usiniletee kitu kitakachoyagusa.

Mwanao,
Régis


Plombières,
Alhamisi, 8 Juni

Mwanangu,

Nashukuru kusikia kifua cha Élodie kinafunguka. Mimi nipo vilevile, na ngazi nazishika kama ulivyosema.

Barua yako nimepewa na mlinzi wa hapa, mwanamke mwenye mikono mipana. Alinitazama akasema, "Wewe ni mtu wa majini."

"Umejuaje?"

"Abiria huuliza choo kiko wapi. Wewe umeuliza barua."

Sikushuka Dijon, ila jana niliuingia mji kwa miguu, mara ya kwanza maishani. Nimepita kando yake mara ngapi? Haihesabiki. Nilikaa kanisani, nikawasha mshumaa wa baba yako na wa Josiane, kisha nikawasha wa tatu. Bibi Yolande akaninong'oneza, "Na huo wa nani?" Nikamwambia ni wa aliye hai.

Barua yako nimeisoma mara nne. Umeniomba nisiyaguse maneno ya baba yako. Nisamehe, Régis. Nikinyamaza nitakuwa nimefanya kile kile alichofanya yeye.

Aliniambia hivi. Asubuhi ile ulipokwenda kuchukua maziwa, Josiane alililia cheri alizoziona kwenye mti wa mlinzi. Baba yako akamfungua ili anyamaze. Kwa mikono yake mwenyewe. Alikuta fundo lako limekaza, vidole vikashindwa, akatumia meno. Akamkalisha juu ya mfuniko wa shehena akamwambia, "Tulia hapa, nakuletea." Mara mlinzi akamwita wasaidiane, mtambo wa lango ulikuwa umekwama. Dakika tatu, alisema, na mtoto alikuwa ameshaanguka majini. Mimi nilikuwa chini nafua.

Uliporudi, wewe ndiye uliyeiokota ile kamba ukalia, "Fundo langu! Fundo langu!" Yeye alikuwa ameshafungua kinywa aseme. Hakusema. "Nilitaka kusema kesho yake," aliniambia, "kesho yake ikawa miaka thelathini." Kisha akageukia ukuta.

Fundo lako halikulegea.

Na mimi ninalo kosa langu. Tangu siku ile sikukuachia tena ufunge kitu. Ukifunga kamba, nilikuja nyuma yako, nikaikagua, nikaifungua, nikaifunga upya. Ulikuwa ukiniona. Oktoba tukakupeleka bweni la watoto wa majini, nami nikawaambia watu ni kwa ajili ya masomo. Baba yako alinyamaza, lakini mimi nilikulaumu kwa mikono yangu kila siku ya Mungu. Sijui lipi ni kubwa.

Alikupenda, hilo usilifute. Alipokupakata jioni ile nilidhani anakulilia wewe. Sasa najua alikuwa akijililia na yeye.

Niandikie Pont d'Ouche. Tutafika Jumatatu.

Mama yako,
Huguette


Pont d'Ouche,
Jumatatu, 12 Juni

Mwanangu Régis,

Sijui mnaendeleaje, kwa kuwa hujaandika. Naomba muwe wazima wote watatu.

Mlinzi wa hapa amepekua sanduku lake mara mbili mbele yangu. "Hakuna, bibi. Posta imeshapita." Bwana mfamasia akaniletea glasi ya divai akasema huenda mtoto atapiga simu. Nikamwambia sisi wa majini hatujazoea simu, tunaandikiana.

Jana walitupeleka kuangalia ngome ya kale. Kulikuwa na vitanda vifupi sana, watu wakashangaa. Mimi nilikumbuka droo chini ya kitanda chetu, alimolala Josiane. Akiamka alikuwa anagonga ubao mara mbili, kama mgeni anayebisha hodi, na wewe ulikuwa unajibu, "Nani?" Hakuwahi kusema jina lake. Alikuwa anasema, "Mimi!" Unakumbuka?

Kesho saa nne asubuhi tutapita La Fontenotte, kisha tishari litafungwa upande wa juu wa lango ili abiria wale chakula cha mchana. Nitakaa juu, mbele kabisa. Safari hii sishuki jikoni.

Barua hii itakufikia nikiwa nimeshapita. Kama una hasira, nikasirikie mimi. Baba yako hasikii tena. Mimi nasikia.

Mama yako,
Huguette


Auxerre,
Jumatano, 14 Juni

Mama,

Natumaini goti limepumzika baada ya kile kilima cha makaburini tulichopanda jana. Sisi hatujambo. Élodie ameuliza cheri zake ziko wapi. Nimemwambia nyingine tulizila sisi, nyingine tumemwachia shangazi yake.

Barua yako ya Jumatatu nimeikuta leo mlangoni. Kwa hiyo siyo iliyonileta La Fontenotte jana. Kilichonileta ni yale meno.

Siku tatu sikuweza kushika kalamu. Niliishusha picha ya baba ukutani, Élodie akaniuliza, "Babu ameenda wapi?" nikairudisha. Bado sijui nimweke wapi. Yale maneno yake ya jioni siwezi kuyasema tena. Jumapili nilijaribu, hayakutoka. Usiniulize kama nimemsamehe. Lakini nikiwa kazini, nikiwa mezani, lilikuwa linanirudia lile moja tu: mtoto wa miaka tisa alifunga fundo, na mwanamume wa tishari hakuweza kulifungua ila kwa meno.

Jana tulizungumza kidogo sana, wewe na mimi, kwa hiyo naandika nilichoshindwa kukisema pale gatini.

Nilikuwa nimesimama pale tangu saa mbili. Mti wa cheri bado upo. Niliona milango ya maji inafunguka, kisha nikaliona koti lako la kijivu. Nahodha alikuwa ameshika kamba tayari kuruka nayo, nawe ukamnyang'anya.

"Bibi Huguette, jamani! Likizo!"

"Nyamaza wewe," ukamwambia. "Yule pale ni mtu wa majini."

Ukanirushia. Ukasema, "Funga, Régis."

Sikuwa nimegusa kamba ya tishari tangu mliponipeleka bweni. Niliidaka, nikaizungusha kwenye nguzo, nikafunga lile lile la asubuhi ile. Kisha nikainama pale pale nikisubiri, kwa sababu nilijua utashuka, utakuja nyuma yangu.

Nilipoinua kichwa ulikuwa umenipa mgongo, unamwonyesha Bibi Yolande mti wa cheri. Baadaye ukashuka, ukapita kando ya ile nguzo, ukanishika mkono tukaanza kupanda kilima. Hukutazama chini.

Tuliporudi saa tisa, tishari lilikuwa pale pale.

Mwanao,
Régis