Profesa wa Saa Saba

Bwana, leo tumeumbuka! Shemeji yako kaja nyumbani na bosi wake. Bosi mwenyewe!

Unajua kila saa saba anatoroka ofisi ya utafiti pale chuo kikuu, aje tumgeuze baba yake. Kiharusi kimemlaza na mtu mmoja hamwezi. Ofisini huaga kwamba anakwenda kumwona profesa kuhusu mradi.

Leo bosi kamwambia, "Panda gari, nami nikamsalimie huyo profesa." Akapanda! Uongo mwingine hakuupata, akaishia kumwelekeza njia ya kwetu.

Nafungua mlango, nepi ya mkwe mkononi. Bosi! Mlangoni kwangu!

"Profesa ndiye huyu?" bosi akauliza, akinitazama.

Mzee akafoka kutoka kitandani, "Profesa wa nini? Nigeuzeni, mgongo unawaka!"

Bosi akamgeukia mke wangu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Aliyekalia kiti changu kabla yangu alikwambia ana mtoto mgonjwa. Ukampokonya miradi yote mikubwa."

Bwana! Nikajua kazi imekwenda na maji.

Bosi akavua koti, akashika miguu ya mzee, tukamgeuza. Wakati wa kutoka akasema, "Kesho kikaoni useme mbele ya wote unakokwenda saa saba. Nami nitasema nilivyomtenda mwenzako."

Shemeji yako hajatia kitu mdomoni tangu hapo. Nimemwambia, tulia, mtu kaahidi.

Kanijibu, "Na mimi nikishasema, halafu yeye akanyamaza?"