Kihispania cha Sista Amparo

Jumatatu, 11 Aprili 1983
Nimechemsha sindano, nimedeki, nimepanga kadi za kliniki. Kisha somo, kama kila siku wagonjwa wakiisha. Sista Amparo, mtawa muuguzi wa Kihispania wa zahanati yetu, kaandika nyuma ya kadi iliyoharibika: me levanto, me lavo, me visto. Naamka, nanawa, navaa. Hiyo "me" ni kama "ji" yetu, kasema, ila kwao hata kuamka mtu anajiamsha. Nimecheka. Mimi wa darasa la nne, mke wa kibarua wa kahawa kutoka Singida, nasoma Kihispania hapa shambani Daa. Namshukuru Mungu.

Jumatano, 13 Aprili
Mtoto kapaliwa na uji kliniki. Sista kampiga mgongoni hadi akapumua. Baadaye kaniandikia: me ahogo. Nakosa pumzi. Pia me siento, nakaa. Mvua haijakata.

Ijumaa, 15 Aprili
Sista anakohoa. Asubuhi kaniambia, "Me siento mal." Nikadhani amekaa vibaya, nikamletea kiti chenye mgongo. Kacheka, kakohoa, kaendelea kupima wajawazito. Jioni mwili wa moto. Kumbe me siento hiyo hiyo ni kujisikia pia. Alikuwa ananiambia anaumwa. Nimejikasirikia.

Jumapili, 17 Aprili
Siku mbaya. Homa imempanda, Kiswahili chote kimemtoka. Meneja wa shamba katoa Landrova. Mume wangu na wenzake wameisukuma ilipokwama kwenye tope. Mimi nyuma na Sista, kalazwa. Njiani kasema, "Me ahogo." Dereva akasema anaweweseka tu, nimwache alale.
"Simama," nikamwambia. "Anakosa pumzi."
Nikamwinua, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikafungua turubai. Hivyo hivyo hadi hospitalini. Daktari kauliza anasema nini. Nikamweleza maneno niliyoyajua. Mengine sikuyajua. Nimonia, mapafu yote mawili. Kasema tungemwacha chali tungefika na maiti.

Jumanne, 26 Aprili
Sikukuu ya Muungano, zahanati imefungwa. Sista karudi jana. Kakonda sana. Nimemfulia shuka, zimekauka kabla ya mvua. Ameshinda barazani juani. Alinishika mkono. Kisha akauliza kwa Kinyaturu, lugha ya kwetu Singida, wanasemaje asante. Nimemfundisha. Akakosea, nikamsahihisha. Akarudia polepole, mpaka nikamwelewa.