Ada ya Kutembelewa

Jumatatu, 5 Mei 2025

Ujumbe umeingia nikikata vitunguu. Bima ya nyumba yangu imehuishwa kwa mwaka mwingine, pesa imeshakatwa benki, asante kwa kuendelea kuwa nasi. Kuendelea? Nani ameendelea? Mimi sijasema kitu!

Halafu imepanda. Mbona imepanda? Nyumba ni ileile ya Gahanga, paa lilelile, hata rangi sijaongeza.

Aliyenisainisha mwaka jana ni Eustache, sebuleni kwangu. Ni wakala wa kampuni hiyo, anaimba besi kwenye kwaya yetu, na ni mchumba wa mdogo wangu Mugeni ninayeishi naye. Alikuwa amekaa pale anakula isombe, kisamvu changu, Mugeni pembeni yake anatabasamu kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Sasa shemeji mtarajiwa utamwuliza habari za maandishi madogo? Hapa kwetu? Nilisaini, nikamwongezea wali.

Nataka kujua tu. Nitapiga simu.

Jumatano, 7 Mei

Nimepiga. Msichana mwenye sauti tamu. Mama, akasema, hapa iko imeandikwa: usipotuandikia kukataa mwezi mmoja kabla ya bima kuisha, inajihuisha yenyewe. Ati nilikaa kimya, kwa hiyo nimekubali. Ala! Kumbe mtu unaweza kusaini ukiwa umelala.

Nikauliza kilichopandisha. Ni ada ya kutembelewa. Wakala anakuja nyumbani, anakagua paa, ukuta, nyaya za umeme, kisha anatuma ripoti kwamba mteja ameridhika, na kila ripoti analipwa. Nikamwambia mbona sijawahi kumwona mkaguzi. Akacheka: lakini mama, ameshakuja sana, huwa siku za Jumapili.

Jumapili! Jumapili Eustache anakuja kumwona Mugeni. Anakula, anasifu mchuzi, anaaga. Kumbe nalipia chakula, nalipia na mlaji! Nimecheka peke yangu mpaka machozi. Kisha swali likanijia, na limekataa kutoka — anakuja kwa ajili ya Mugeni, au kwa ajili ya ripoti?

Ijumaa, 9 Mei

Nimepita dukani kwa Kabagwira, Kabeza. Tunaimba naye soprano, na bima yake pia alikatiwa na Eustache. Amesoma simu yake kwa kuisogeza mbali na macho. Naye ana ada hiyohiyo! Na Eustache hajawahi kukanyaga kwake hata siku moja. Yeye alidhani ni makato ya benki. Nusu ya kwaya iko kwa Eustache, akasema. Mana yanjye, Mungu wangu.

Lakini akanishika mkono. Posa ni wiki ijayo, Frida. Wacha tu. Utamharibia mtoto siku yake kwa sababu ya vihela?

Vihela, sawa. Ila mtu anayeweza kueleza paa la nyumba asiyowahi kuingia, atamwambia nini mke wake akichelewa kurudi?

Jumapili, 11 Mei

Amekuja. Ndizi na samaki. Nikasubiri Mugeni aende jikoni, nikamwuliza kwa upole kabisa: shemeji, leo umekuja kama nani?

Kijiko kikasimama. Halafu akacheka. Ah, shemeji, hayo ni mambo ya sistimu, inajiendesha yenyewe. Nikasema, na Kabagwira je, sistimu ilimtembelea lini? Akasema tutaongea. Kisha kwa sauti ya chini — tafadhali, usimwambie Mugeni, si sasa.

Si sasa. Kwa hiyo lipo la kuambiwa.

Na kinachonivuruga ni hiki. Baada ya kula alimmenyea Mugeni chungwa, akatoa mbegu zote, akampa kipande kimoja kimoja. Hakujua namwangalia. Ule haukuwa uongo, macho yangu si ya jana. Sasa mtu mmoja anawezaje kuwa hivi na vile? Ningependa mno kuelewa.

Jumatano, 14 Mei

Mvua tangu asubuhi. Mugeni amejaribu mushanana yake, vazi la siku ya posa, rangi ya parachichi bivu, amependeza kweli. Nikafungua mdomo nimwambie. Akaniwahi: Eustache anasema siku hizi una maswali mengi, dada, umzoee tu, ni mtu mwema. Nikamrekebishia pini begani. Naona aibu.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika nimejifungia bafuni kwa mama, Kabeza. Shajara ilikuwa mkobani.

Gusaba, yaani posa yenyewe, ilikuwa inakwenda vizuri. Baba mdogo Rugamba ndiye msemaji wetu. Kama ilivyo desturi akauliza upande wetu: kabla hatujawapa binti, kuna mwenye dai na wageni hawa? Hapo ndipo watu hutunga madai ya kuchekesha. Binamu mmoja akasema mbuzi wao walikula mtama wake. Msemaji wao akaomba radhi, akaahidi kreti ya bia, watu wakapiga makofi. Utani mtupu.

Nikajikuta nimesimama. Sikupanga, naapa!

Nikasema: kijana wenu huja kwangu kila Jumapili. Anakula. Kisha mimi ndiye ninayetozwa kwa sababu amekuja. Na wengine wanatozwa bila hata kuja. Nikauliza, kijana, umekuja kwetu kutafuta nini?

Hema zima likaangua kicheko. Msemaji wao akafuta machozi, akasema dai hili ni zito, hili ni kreti mbili! Vigelegele. Baba mdogo akanipongeza, ati nina kipaji. Upande waliokaa wanakwaya hakucheka mtu. Eustache alikuwa anatazama viatu vyake. Sasa najiuliza kama nilitaka ajibu, au nilitaka tu Mugeni asikie. Alikuwa chumbani na dada zake, dirisha wazi.

Amesikia. Amenifuata hapa na mushanana yake yote, ameegemea mlango. Ameniuliza: dada, ule ulikuwa utani?

Nimemwambia ngoja kidogo. Wameanza kuimba wimbo wa kumtoa. Mama anaita, Mugeni, Mugeni, wageni wanangoja! Kivuli cha miguu yake bado nakiona chini ya mlango.