Tawi Lililohesabiwa Kuwa Wingu

Alhamisi, Oktoba

Na bado hakuna mtu ameuliza. Kamera mpya ya mawingu iliwekwa karibu na ule mti wa mubariti, na kila siku inahesabu tawi lake kuwa wingu.

Hiyo kazi ilikuwa yangu. Unatoka nje, unazunguka mpaka uone anga yote, unaigawa sehemu nane kwa macho, halafu unaandika ni ngapi zimefunikwa na mawingu. Hapa kwa kituo cha hali ya hewa cha shamba la kahawa, Ruiru, watu wamefanya hivyo tangu enzi za wazungu. Sasa nakaa ndani, nanakili namba ya mashine.

Leo jioni ilisema nne. Ukitoa lile tawi ni tatu. Nikaandika nne, nikanywa chai.

Nilidhani nitakasirika. Fundi aliyeiweka aliniambia, "Madam, hii haichoki kama wewe," na hata hiyo ilinikera kidogo tu. Miaka ijayo mtu atafungua rekodi aone mawingu ya Ruiru yaliongezeka ghafla, atafute sababu, na mimi...

Sijui. Sihisi kitu.

Nikiwa bado na kikombe, mama akapiga simu kutoka kwake ng'ambo ya mto, vile hupiga kila jioni akingoja mvua. Nilimfundisha kuhesabu hizo nane kitambo.

"Leo ni ngapi huko?"

"Nne."



"Wangari, nimesimama hapa shambani naangalia huko kwenu. Ni tatu. Kwani siku hizi hutoki nje?"