Usije kwa Mama na Karatasi Zako

Kwako Eutimio,

Sikuulizi hali. Huku tumeanza kuvuna zeituni, na paa la zizi limeanza kuvuja. Barua yako imefika.

Uliposhinda bahati nasibu ya Krismasi, kijiji kizima kilikunywa kwa gharama yako. Ukahamia Alicante, ukafungua mkahawa, ukanunua mashua, na kila aliyekuita rafiki ukamkopesha. Mama alipokuomba umpeleke kwa daktari wa macho Barcelona, ulimjibu kwa simu, "Subiri kidogo, Mama, nimebanwa na wageni." Alisubiri mpaka akapofuka.

Sasa mkahawa umefungwa, mashua imechukuliwa na benki, marafiki hawapokei simu zako, na unataka tuuze shamba la marehemu Baba likuokoe. Huna haya, mwanamume wewe!

Nilipomwambia Mama kwamba umeandika, alipiga makofi kwa furaha. "Casilda, mwambie mwanangu aje," akasema. "Kama kuna karatasi, anishike tu mkono, nitatia sahihi."

Hakuuliza ni karatasi ya nini.

Ndiyo maana nakuambia usije. Kufuli nimebadilisha.

Dada yako, kwa bahati mbaya,
Casilda