Mkono wa Rukia na Komeo Jipya

Ndugu yangu Khadija,

Tangu ulipotutoka, bandari ya Kilindini yote iko juu ya mabega yangu. Meli za vita haziingii mpaka nikohoe. Juzi nahodha mmoja Mzungu alinivulia kofia, wallahi, akaniuliza, "Bwana Athmani, tutie nanga?" Nikamwambia angoje kwanza nimalize chai.

Ungekuwapo ungesema, "Kaka, punguza chumvi." Hakuna anayeniambia hivyo tena.

Lakini nakuandikia kwa sababu ya mwanao. Nyumba yako siipendi siku hizi. Mumeo yuko vitani, hatuna habari zake, na wifi yako, dada wa mumeo, ndiye anayemlea Rukia. Tangu mtoto aanze somo la kuchora shuleni, maneno yamekuwa mengine. Brashi yamtoka mkononi. Kikombe cha maji ya rangi humwagikia wenzake. Karatasi hupasuka. Watoto wamekwisha kumpa jina, "Mkono wa Jini," na jina hilo lilifika nyumbani kabla yake. Wifi yako hapigi kelele. Anafukiza ubani, anasema polepole, "Mkono ule una mwenyewe. Na aje aseme anataka nini."

Jumatatu nilimkuta seremala kwenye chumba cha ndani, kile kisicho na dirisha. Anatia komeo. Kwa nje. Nikamuuliza la nini, akanieleza huku akipigilia misumari. Mganga anakuja Ijumaa baada ya sala. Rukia ataingizwa humo, wala hatatoka mpaka pepo ataje jina lake. Na kama hakuna pepo, Khadija? Nani atataja?

Nikaenda shuleni. Mwalimu Zuhura alinyanyuka aliponiona, bila shaka sifa zangu amezisikia. Akaniambia, "Mjomba, jicho la mtoto huyu laona kuliko letu. Mkono tu haumfuati." Amemzungushia brashi kitambaa, inenepe, apate kuishika. Karatasi ameibandika mezani kwa gundi ya unga, na kikombe amekisimamisha ndani ya kopo la mchanga kisipinduke. Watu watakwambia ni akili ya mwalimu, lakini kitambaa kilikuwa changu.

Rukia akachora mbele yangu, taratibu, ulimi nje, kama wewe ulipokuwa ukitunga uzi kwenye sindano. Mistari ilipinda, lakini mlango niliujua. Mlango wa chumba cha ndani. Na komeo, kwa nje. Hakuna aliyemwambia, ndugu yangu. Aliosha brashi, basi.

Leo Alhamisi. Ubani umewaka tangu alfajiri. Rukia ameoshwa nywele, akasukwa, akakalishwa mkekani kama mtu anayesafirishwa, na jirani wanapita wakimchungulia bila kutoa salamu.

Pumzika, Khadija, Mola akutilie nuru huko uliko. Kesho mimi nitakaa kwenye mlango ule kabla ya mganga kufika, nami nakuahidi nitasema mbele ya wifi yako na wazee wa mtaa neno ambalo hata wewe hukuwahi kulijua: kwamba mikono ile Rukia ameirithi kwangu. Kwamba vifungo vya koti langu, hili ninalotamba nalo mjini, sijapata kuvifunga mwenyewe hata siku moja. Kila asubuhi hunifungia mke wangu, nami nimesimama kidevu juu, kama mtoto.

Kaka yako,
Athmani