Mashine ya Mama Mkwe Imenifia Mkononi

Uko wapi wewe? Nimejifungia chooni kwa mama mkwe, mikono yote inanuka petroli.

Ile mashine yake ya kukatia majani nimeiua.

Ilikuwa inafuka moshi na kuzimazima. Nikasema petroli inaingia nyingi kuliko hewa, dawa ni kurekebisha kabureta tu. Nikamwaga petroli iliyokuwemo, nikajaza mpya, nikakaza skrubu kidogo kidogo. Moshi ukaisha kabisa. Ikaimba.

Akaniuliza kwa upole, "Mkwe, oili umechanganya?"

Unajua nilimjibu nini? "Mama, hapa kuna fundi." Mbele ya mke wangu na mashemeji wote.

Sikuchanganya, na injini ya aina hii bila oili ndani ya petroli inajisaga yenyewe. Ile niliyoimwaga ndiyo aliyokuwa ameichanganya na oili yeye mwenyewe asubuhi. Moshi uliisha kwa sababu hapakuwa na oili ya kuungua, na mimi hapo najipigia makofi.

Dakika tano tu, ikakwaruza kama sufuria, ikajamu. Kamba ya kuwashia haivutiki hata kidogo.

"Mama, hapa kuna fundi." Kwa kinywa changu hiki.

Hajanigombeza, na ndicho kinachonimaliza. Sasa hivi amegonga mlango: "Fundi, ukimaliza, fyekeo nimekuegeshea hapa nje."